Hewa ya Watu Wawili

Mzee Lupyana alikataa kulala. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda cha baridi, mguu wake wa kushoto umefungwa kwa vipande vya bomba, kiganja kimoja kifuani, na kila Kapteni Raya alipomsogezea sindano aliusukuma mkono wake pembeni kwa adabu, kama mgeni anayekataa kuongezwa chakula.

"Mzee wangu," alisema Kapteni, "hewa inakwisha huku tunabishana."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nasema upesi. Nikae mimi kwenye pampu. Huyu alale."

Huyo aliyetajwa alikuwa Tumsifu, fundi wa mitambo wa kituo, ambaye alisimama karibu nao akijifanya anakaza skrubu iliyokwisha kukazwa zamani.

Mgodi wa barafu ulikuwa umepigwa na tetemeko asubuhi ile. Watu wanaoishi Mwezini huzoea mitikisiko midogo, ile ya kumwaga chai kwenye meza, lakini hii iliangusha nusu ya paa, ikauponda mtambo uliokuwa ukitengeneza hewa kutokana na barafu, ikawaachia mtungi mmoja tu mzima na chumba kimoja kisichovuja. Chombo cha uokoaji kingefika siku ya tatu. Wote watatu wakikaa macho, mtungi ule usingewafikisha. Wakilala kwenye vitanda vya baridi, ambamo mwili hupoa na pumzi hupungua hadi kuwa kama ya mtoto mchanga, hewa ingetosha. Ila feni zilizokuwa zikisukuma hewa vitandani ziliungua, na bila msukumo, hewa chafu ingetuama juu ya uso wa mlalaji na kumuua polepole. Ilikuwapo pampu ya mkono. Lazima mmoja abaki macho aizungushe.

Kapteni Raya alikuwa amevunjika mbavu. Kuinua kikombe tu kulimtoa machozi. Mzee Lupyana, mtaalamu wa miamba aliyekuwa mwaka wake wa mwisho kazini, moyo wake ulikuwa ukienda na kusita tangu paa lilipoanguka. Tumsifu alikuwa na mchubuko kwenye paji la uso, basi.

Lakini Tumsifu alikuwa mtupu.

Ndivyo walivyoitwa wote waliougua homa ya utando wakatibiwa kwa mwale. Mwale uliwaponya kweli, maelfu kwa maelfu, ila ulipokuwa ukiunguza ugonjwa ndani ya ubongo uliunguza na kitu kingine kilichokuwa jirani. Waliotoka hospitali walikumbuka sala zao zote kwa moyo. Wakizisema, zilikuwa kama maelezo yanayobandikwa kwenye chupa ya dawa. Ile hali ya kuhisi kwamba uko mbele ya Mtu, hata ukiwa peke yako jikoni, iliondoka na haikurudi. Sheria ikaamua kwamba mtupu hawezi kuapa mahakamani, hawezi kulea yatima, hawezi kukabidhiwa silaha. Tumsifu alipata kazi Mwezini kwa sababu mafundi wa kwenda huko walikuwa wachache.

"Simchukii," Mzee Lupyana alisema, sasa akimtazama mwenyewe. "Nimekula naye sahani moja. Lakini mimi nikishika pampu ile, yupo anayeniona. Yeye nani anamwona? Sisi tutakuwa tumelala kama magogo. Kamera zimekufa. Mtu wa namna hiyo ukimwachia roho yako, unamwachia kwa dhamana gani?"

Kapteni Raya alimgeukia fundi wake. "Tumsifu, unalo la kumwambia Mzee?"

Tumsifu aliweka bisibisi chini. Alikuwa amekwisha kulisikia swali hili, kwa maneno mengine, kutoka kwa mzee mmoja aliyemnyima binti yake na kwa mwenye nyumba aliyemrudishia mizigo yake mlangoni. Hakuwahi kupata jibu zuri.

"Sina kiapo cha kukupa, Mzee. Nikiapa nitakuwa nimeanza kwa kukudanganya. Nitazungusha pampu. Hilo ndilo ninalojua."

"Hilo tu."

"Hilo tu."

Raya aliegemea ukuta, akisubiri maumivu ya mbavu yapite kabla ya kusema. "Mimi nami namwamini Mungu, Mzee Lupyana. Na katika mgodi mzima huu, Yeye ndiye aliyeniachia mtu mmoja mwenye mikono mizima. Nikimkataa, nitamwambia nini?"

Moyo wa Mzee ulisita tena. Walimwona akifumba macho, midomo ikibadilika rangi, kisha akivuta pumzi kama aliyetoka majini. Alipofumbua macho alinyoosha mkono ili achomwe sindano, na alipokuwa akilazwa alimwambia Tumsifu bila kumtazama, "Haya, kijana. Mimi huyo."

Kapteni alilala baada yake. Vifuniko vya vioo vikashuka.

*

Kazi yenyewe haikuwa nzito. Tumsifu alizungusha mkono wa pampu mpaka mishale ya geji mbili ipande, akapumzika kidogo, akazungusha tena. Kutoka kwenye pampu ilitoka mipira miwili, mmoja wa kila kitanda, na kila mpira ulikuwa na koki yake nyekundu. Yeye mwenyewe alipumua kwa barakoa iliyounganishwa na mtungi. Alisinzia kwa vipande, kengele ndogo aliyoitengeneza ikimwamsha. Ilipofika siku ya pili alikwisha zoea, mikono ikifanya kazi yenyewe kama ya mtu anayetwanga.

Ndipo redio ikaita. Alikuwa Nekesa, kiongozi wa waokoaji.

"Kituo, mnanisikia? Tumepata matatizo. Mguu mmoja wa chombo umevunjika tulipotaka kuruka. Tunautengeneza, lakini hatutafika kesho. Ongezeni siku moja." Redio ikakwaruza. "Hewa yenu itawafikisha?"

Tumsifu aliitazama geji ya mtungi. Hakuhitaji karatasi.

"Kituo? Hewa itawafikisha?"

"Tutaangalia," alijibu, akazima.

Akapiga hesabu kichwani kwa kila njia aliyoijua, na kila njia ilimfikisha palepale. Ilikuwa hewa ya watu wawili. Yeye akifa pampu inasimama na wote wanakufa. Kwa hiyo wawili hao walikuwa yeye na mmoja wa waliolala.

Alisimama kati ya vile vitanda. Kupitia kioo uso wa Kapteni Raya ulikuwa umetulia, kilemba cha kitambaa chembamba kimeteleza nyuma. Uso wa Mzee Lupyana ulikuwa wa kijivu. Na sababu zikaanza kuja. Mzee amekula chumvi nyingi. Mzee moyo wake umechoka, huenda asifike hata akipewa hewa yote. Kapteni ni mdogo. Kapteni alimwamini, na Mzee hakumwamini. Angekufa bila kujua, usingizini, kifo ambacho watu huombea. Ripoti ingesema moyo. Nani angebisha? Sababu zilikuja kwa wepesi, zimepangana, kila moja imeishika nyingine mkono, na Tumsifu akaona kwamba kuna jambo ndani yake linazifurahia.

Alijaribu kusali. Alipiga magoti juu ya bati baridi akasema ile sala aliyofundishwa na mama yake kule Usangi, neno kwa neno, akasubiri. Hakuna aliyekuwapo. Palikuwa na mlio wa mtungi na harufu ya mpira ulioungua.

Aliinuka akaendelea kuzungusha pampu. Aliendelea hivyo kwa muda, hajui ni kiasi gani, akiwaza kwamba bado hajaamua lolote, kwamba anafikiri tu, na kufikiri si kutenda. Kisha akaona mshale wa geji ya Mzee uko chini ya ule wa Kapteni. Akaitazama mikono yake. Wa kulia ulikuwa kwenye pampu. Wa kushoto ulikuwa juu ya koki nyekundu ya Mzee Lupyana, na koki ilikuwa imekwisha zunguka robo nzima.

Aliirudisha kwa kishindo hivi kwamba aling'oa ukucha. Akakaa sakafuni, damu ikimchuruzika kidoleni, akamwogopa mtu aliyekuwa naye mle chumbani, ambaye alikuwa yeye.

Hakujua lililo jema. Hilo angeweza kumkiri yeyote. Alichokijua ni kwamba jambo lile halikuwa lake peke yake kuliamua, hasa akiwa anaona raha kuliamua. Hewa ilikuwa ya watatu. Wenyewe wawili walikuwa pale, wana vinywa.

Kuwaamsha kungekula hewa. Tena maelezo ya dawa yalikuwa wazi: mwenye moyo dhaifu akishaamshwa hachomwi sindano ya pili. Mzee akiamka, ameamka. Tumsifu aliliwaza hilo mpaka mwisho wake, hakujificha, kisha akabonyeza vitufe vyote viwili.

*

Walimsikiliza wakiwa wamejifunika mablanketi, meno yakigongana kwa baridi. Aliwaambia habari za chombo. Aliwaambia habari za hewa. Alipofika kwenye koki, akalisema na hilo.

"Niliifunga robo, Mzee. Sikumbuki mkono ulifikaje pale. Lakini ulikuwa mkono wangu."

Kapteni Raya alitazama kando. Mzee Lupyana ndiye aliyeuliza.

"Ukairudisha?"

"Nikairudisha."

"Nani alikuona ukiirudisha?"

"Hakuna."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepasua jiwe akakuta ndani rangi asiyoitarajia. Kisha akasema, "Basi sikilizeni. Hesabu imekwisha jifanya. Mimi nifungiwe. Naagiza mwenyewe, Kapteni ni shahidi. Nimeishi, nimezika mke, nimeona wajukuu. Na nina pa kwenda."

"Hapana," alisema Tumsifu.

"Kijana, nakupa ruhusa."

"Wewe una pa kwenda, Mzee, ndiyo maana kwako ni rahisi kusema. Mimi nikiifunga koki ile sikutumi popote. Nakukatisha, basi. Hakuna upande wa pili ninakokukabidhi kwa mtu. Siwezi."

"Kwa hiyo utatuua wote watatu kwa sababu huamini?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini?"

"Nyamazeni," alisema Kapteni Raya. Kila neno lilimchoma, na alipumua haraka haraka, pumzi fupi. "Mnakula hewa yangu. Hakuna atakayefungiwa. Wala hakuna atakayejifungia, Mzee, unanisikia? Tutapunguza kwa wote. Chini ya mstari mwekundu wa geji, sawasawa kwa kila mtu. Mgao ndio utakaokuwa mdogo."

"Chini ya mstari ule ubongo huharibika," Tumsifu alisema.

"Huenda. Huenda ukaharibika wangu, huenda wako. Huenda tukafa sote, na Nekesa akakuta maiti tatu badala ya moja, na watu wa hesabu waseme Kapteni alikuwa mjinga." Akavuta pumzi fupi. "Lakini sitachagua mtu kama ninayechagua mbuzi wa sikukuu. Mwenye neno aseme sasa."

Mzee Lupyana alikuwa nalo, lilionekana usoni. Hakulisema. Alimchukua Kapteni mkono akaushika kidogo, wakatazamana, kisha Raya akachomwa sindano ya pili na Tumsifu akafunga kioo juu yake. Yeye ndiye aliyekuwa akipumua kwa kasi kuliko wote, na moyo wake ungeweza kuistahimili dawa.

Walibaki wawili. Mzee alipewa barakoa yake, mpira wake uleule wa kitandani na koki yake, na kiti kando ya pampu. Walipunguza hewa hadi mishale yote ikashuka kwenye rangi nyekundu, na mara kichwa cha Tumsifu kikaanza kuuma kama kimevikwa pete ya chuma.

Walipokezana. Mmoja alizungusha, mwingine alilala sakafuni asitikisike. Hawakutakiwa kuongea, na kwa sehemu kubwa hawakuongea. Mzee alipozungusha, midomo yake ilicheza ndani ya barakoa, bila sauti.

Mara moja tu, wakibadilishana zamu, alimwinamia fundi. "Kilikuzuia nini pale kwenye koki? Niambie kweli."

"Nimetafuta, Mzee. Sababu za kukufunga nilizipata tele. Ya kutokukufunga sikuipata hata moja. Niliona tu mkono wangu nikaogopa."

"Huo uoga ndio Yeye."

"Sikusikia mtu."

"Hata mimi," Mzee Lupyana alisema, akiegemea mkono wa pampu ili apumzike. "Unadhani nasikia kila siku? Kuna miaka imepita sikusikia chochote. Niliendelea tu, kwa kuwa nilikwisha ahidi." Aliona Tumsifu anataka kujibu, akainua kidole. "Usinibishie. Hewa. Lala."

Tumsifu akalala.

*

Kilichomwamsha ni ukimya. Kengele yake ilikuwa imelia au haikulia, hakujua. Macho yalikuwa mazito, ulimi umevimba. Pampu ilikuwa imesimama. Mzee Lupyana ameegemeza paji la uso juu ya mkono wa pampu, kama mtu aliyesinzia kanisani.

Tumsifu alitambaa. Mshale wa Kapteni ulikuwa umelala kabisa. Alimwondoa mzee pale, akamlaza kando, akazungusha pampu kwa mikono miwili mpaka mshale ukatikisika, ukapanda. Hapo ndipo alipogeuka kumgusa shingoni. Alikuwa wa baridi.

Barakoa ya Mzee ilikuwa imevuliwa, inaning'inia kwenye mpira wake. Koki ya mpira ule ilikuwa imefungwa, yote.

Tumsifu aliitazama kwa muda mrefu huku akizungusha. Huenda moyo ulianza kusimama na mkono wa mzee ukapapasa ovyo, ukakamata kilichokuwa karibu. Huenda aliifunga akijua. Kapteni alikuwa amemkataza, na imani yake mwenyewe ilimkataza mtu kujiua. Lakini imani hiyohiyo ilimfundisha kuutoa uhai kwa ajili ya rafiki, na mzee alikuwa mtu wa kulipima jambo. Huenda, na hili lilimjia Tumsifu kama mtu anayemwagiwa maji ya barafu mgongoni, mkono mwingine uliifunga, mkono ambao ulikwisha fanya hivyo mara moja bila mwenyewe kukumbuka. Alijichunguza. Alikumbuka kulala na kuamka. Katikati hakukuwa na kitu. Aliamini hakuifanya. Hakuweza kwenda mbali zaidi ya hapo.

Akatazama geji ya mtungi. Hewa sasa ilitosha. Alipoona hivyo kifua chake kilifunguka kwa faraja, kabla hajaweza kukizuia, na akaichukia faraja ile, akalia huku anazungusha, machozi yakijaa ndani ya barakoa.

Baadaye, akili ilipomtulia, aliona jambo jingine. Waokoaji watakapoingia watakuta mtupu aliyekuwa macho, mzee aliyekufa, na koki iliyofungwa. Kuifungua kungechukua zungusho moja la kiganja. Mzee angekuwa amekufa kwa moyo, pasipo swali juu yake wala juu ya mtu mwingine, na hata wajukuu wake wangelala vizuri zaidi. Ilikuwa sababu nzuri. Alikwisha jifunza kuzitilia shaka sababu nzuri. Aliiacha koki ilivyo.

*

Nekesa aliingia wa kwanza, mwanamke mrefu aliyelazimika kuinama mlangoni, nyuma yake watu wawili na mitungi mipya. Walimfungulia Kapteni Raya, wakampa hewa, wakamwinua. Tumsifu vidole vyake vilikuwa vimekwama katika mshiko; walimbandua kimoja kimoja kutoka kwenye pampu.

Kisha Nekesa akachuchumaa kando ya maiti. Aliitazama barakoa, akaufuata mpira kwa kidole mpaka kwenye koki. Alipoinuka alikuwa akiitazama alama ndogo ya mwale iliyo nyuma ya sikio la Tumsifu.

"Nani aliifunga hii?"

Aliyejibu ni Kapteni Raya, ameketi juu ya kitanda chake, mkono mmoja umeshika mbavu.

"Aliifunga mwenyewe," alisema. "Nilikuwa macho ndani ya kioo. Nilimwona."

Alisema kwa uthabiti wa mtu aliyezoea kutii na kutiiwa. Nekesa aliinamisha kichwa. Kwa neno la Kapteni, muumini, mwenye haki ya kuapa, jambo lilikuwa limekwisha; mmoja wa wale wawili alikwisha anza kukunjua turubai la kumfunika marehemu.

"Hapana," alisema Tumsifu.

Wote wakamgeukia. Raya alimkazia macho, na ndani ya macho yale mlikuwa na ombi.

"Kapteni alikuwa amelala, chini ya dawa. Mimi nilikuwa nimelala sakafuni, ilikuwa zamu ya Mzee. Nilipoamka nilikuta hivi. Hakuna aliyeona."

"Unaelewa unachokisema?" Nekesa aliuliza polepole. "Kapteni amekwisha kukutoa hatiani."

"Naelewa. Na mapema, kabla sijawaamsha, koki hiyohiyo niliwahi kuifunga robo, nikaifungua. Kapteni analijua hilo, Mzee alilijua. Ya pili siijui."

Mtungi mpya ulikuwa ukipuliza hewa chumbani, nyingi, zaidi ya walivyoihitaji.

"Kwa nini?" Raya alimnong'oneza. Uso wake ulikuwa umelowa. "Nilikuwa nimekwisha kukusemea, Tumsifu. Dhambi ilikuwa yangu, nilikuwa radhi nayo."

"Kwamba alijifungia mwenyewe ni neno kubwa, Kapteni. Siwezi kumwachia asilolisema, watu wakalihubiri kaburini kwake." Alijaribu kukunja vidole, vikakataa. "Wala wewe siwezi kukuachia dhambi hiyo."

Nekesa alibaki amesimama, kichwa karibu kiguse paa lililobonyea, akiwatazama wote wawili kama anayetafuta ni yupi kati yao wa kumfunga pingu. Mwishowe akashusha pumzi.

"Nitaandika kama mlivyosema, nyote wawili," alisema. "Wakubwa watajua la kufanya." Akawageukia watu wake. Mmoja alikuwa ameshika miguu ya Mzee Lupyana, juu ya turubai. Mwenzake alisita upande wa kichwa, kwa kuwa Tumsifu alikwisha piga magoti pale, mikono imepitishwa chini ya mabega ya marehemu, na hakuna sheria iliyosema kama mtupu anaruhusiwa kumbeba maiti wa watu wengine au la.

"Mwache," Nekesa alisema. "Na wewe fundi, mshikilie vizuri shingo. Mlango ni mfupi."